Mwandishi Aliyekosea Nusu ya Kushoto

Nimemwona mtu akimeza moto kwenye sarakasi. Nimemwona mbuzi aliyehudhuria misa kila Jumapili na kutoka kabla sadaka haijapitishwa. Babu yangu, Mungu amrehemu, aliwahi kusokota sigara ndefu hivi kwamba watu wa mtaa wa juu waliivuta na watu wa mtaa wa chini ndio walioiwasha. Lakini lililoniacha mdomo wazi maishani ni Arístides Fundora kukaa kitini.

Alikuwa jirani yangu, tumetenganishwa na ukuta mmoja tu, na ukuta wenyewe mwembamba kama kanga iliyofuliwa mara mia. Kila asubuhi kabla sijatoka kwenda kiwandani kusokota sigara nilisikia mashine yake ya chapa. Tak, tak, tak. Halafu kimya. Kimya cha kuchemsha maharage meusi mpaka yaive, na maharage ya miaka ile ya uhaba hapa Kuba yalikuwa makongwe kunishinda mimi. Halafu tak moja. Halafu karatasi inachomolewa kwa hasira.

Jioni nilimwuliza juu ya ua, "Mwanangu, leo umepata kiasi gani?"

"Mstari mmoja, Bibi Mela."

"Tangu asubuhi?"

"Na huo nao nimeufuta."

Nilikuwa nacheka hadi nashika mbavu. Mimi hadithi zinanitoka kama mate kwa mtoto anayeota meno. Sijui zinatoka wapi na sijawahi kuzifuta. Yule kijana aliyetumwa na serikali mjini kwetu kunifundisha kusoma, nilimpigia hadithi mchana na jioni mpaka akarudi kwao Havana hajanifundisha herufi moja, ila yeye kaondoka anajua habari za mbuzi wa kanisani. Basi nilidhani kutunga ni hivyo. Unafungua mdomo, unamwaga.

Arístides alikuwa hamwagi. Alikuwa anachimba.

Na achimbe vipi, masikini, katika miaka ile? Mkate mmoja wa mviringo kwa mtu mmoja kwa siku. Umeme unakuja kama mgeni mwenye haraka, hata kukaa hakai. Karatasi hakuna mji mzima. Yeye alipiga chapa nyuma ya fomu za zamani za kiwanda cha sukari, kwa hiyo ukigeuza ukurasa wa mapenzi unakuta tani ngapi za miwa zimepimwa. Utepe wa mashine ulipokwisha aliupaka masizi yaliyokorogwa na mafuta ya taa, na riwaya nzima ikanuka jiko.

Hayo yote aliyavumilia. Kilichomtafuna ni sisi.

Mtu anayekaa nyumbani mchana, kwetu, ni mtu asiye na kazi. Basi mtaa mzima ulimwachia funguo. Nilihesabu funguo tisa kwenye msumari wa mlangoni kwake. Huyu anamwambia, "Arístides, wewe si upo tu? Gari la gesi likija nipokelee mtungi." Yule anamwambia, "Wewe si upo tu? Nishikie nafasi kwenye foleni ya mkate." Na kila aliyepita alikuwa na hadithi ya maisha yake ambayo, loo, ungeiandika wewe Arístides, dunia ingelia. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akarudi kitini akakuta sentensi aliyoiacha imeshapoa.

Mimi nilikuwa mbaya kupita wote. Nilimpitishia kuku wangu juu ya ua amlinde, kwa maana miaka ile kuku akizurura harudi. Siku moja kuku akapanda kwenye rundo la karatasi akatagia sura ya sita.

"Bibi Mela!" alipiga kelele.

"Usikasirike, mwanangu," nikamwambia. "Angalau mmoja leo amefanya kazi humo ndani."

Akacheka, akanirudishia kuku, akanirudishia na yai. Katika miaka ile, yai! Hapo ndipo nilipoanza kumtilia shaka kwamba huenda ni mtakatifu.

Alikuwa ameshatoa vitabu viwili. Cha kwanza kilisomwa na kikasahauliwa. Cha pili kilikuwa bado kwenye maboksi ghalani kimbunga kilipoingia, maji yakakisoma chote. Hiki cha tatu kilimchukua miaka tisa. Kilihusu msichana wa mji wetu, Eloína, aliyeingia kiwanda cha sigara akiwa na miaka kumi na minne. Alipokimaliza alikipeleka kwa wachapishaji, wakamjibu barua nzuri sana. Kitabu wamekipenda, karatasi hawana, asubiri. Asubiri mpaka lini, barua haikusema.

Ndipo akamwendea Zoraida.

Zoraida ndiye msomaji wetu kiwandani. Sisi wasokotaji tumeketi ukumbini watu themanini, meza kwa meza, mikono inafanya kazi na masikio yako wazi. Yeye yuko juu ya jukwaa lake na kiti chake, asubuhi anatusomea gazeti, mchana anatusomea riwaya. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama yangu, na kwa mama yake. Mimi siwezi kuandika jina langu, lakini vitabu vilivyopita katika masikio haya havipungui mia mbili, na vibaya navijua kama ninavyojua jani lililooza. Kitabu tunakipigia kura wenyewe. Kwa siku tatu kinasikilizwa. Tukikipenda, tunagonga ubao kwa visu vyetu, vile visu bapa visivyo na mpini, na ukumbi unalia kama mvua ya mawe juu ya bati. Tusipokipenda tunaviachia vidondoke sakafuni. Kitabu kinafungwa, na hakifunguliwi tena milele.

"Unaelewa unachokiomba?" Zoraida alimwuliza, nami nilikuwapo. "Wakikiangusha hawa, hutapata mji mwingine wa kukusikiliza."

"Naelewa," alisema Arístides. "Lakini kisiposomwa hapa hakisomwi popote, Zoraida. Miaka tisa itabaki kwenye boksi. Afadhali niujue mwisho wake."

Siku ya kwanza tulimsikiliza bila kelele. Ilienda vizuri, mama wa msichana, mvua, treni ya tumbaku. Arístides mwenyewe hakuthubutu kuingia. Alikaa ng'ambo ya barabara, kwenye ngazi ya duka la dawa, kandokando ya muuza karanga, maana madirisha ya ukumbi ni mapana na Zoraida ana sauti inayovuka barabara bila kutazama magari.

Siku ya pili, Eloína akaketi mezani kusokota jani la nje, lile linalofunika sigara. Zoraida akasoma kwamba msichana alichukua nusu moja ya jani, akachukua na nusu ya pili, akazisokota zote mbili kwa mwendo uleule wa mkono, upande uleule, kwa ulaini, kama mtu anayekunja mashuka.

Mikono ya watu themanini ilisimama.

Nieleze kidogo, kwa wale ambao mikono yao haijui. Jani la nje likishatolewa uti wa katikati linakuwa nusu mbili, ya kushoto na ya kulia. Kila nusu ina mwelekeo wake, moja inakwenda huku, nyingine inakwenda kule, ili mishipa ya jani ilale ndani. Ukiilazimisha nusu ya kushoto ifuate njia ya kulia, mishipa inatokeza nje kama ya mkono wangu huu. Mtoto wa wiki ya kwanza ukumbini anajua.

Ciro Moya alikuwa meza ya mbele. Ciro ndiye msokotaji bora tuliyekuwa naye, na ulimi wake ulikuwa na makali kuliko kisu chake. Alikiinua kisu juu ya kichwa wote wakione, akakiachia.

Kling!

"Samahani, Zoraida, binti yangu," alisema. "Huyo Eloína ni msokotaji au ni dobi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kisu kingine kikaanguka, cha tatu, cha kumi.

"Ciro, siku tatu hazijaisha," alisema Zoraida.

"Mimi zangu zimeisha. Miaka tisa amekaa mtaani kwetu, nusu ya mtaa ni wasokotaji, na hakuuliza hata mmoja! Anatuandika sisi bila kutuuliza sisi!"

Nilitazama nje ya dirisha. Ngazi ya duka la dawa ilikuwa tupu. Muuza karanga alinionyesha kwa kidevu upande aliokwenda.

Saa kumi tulipotoka nilikwenda moja kwa moja kwake. Nilimkuta anafunga boksi kwa kamba. Funguo tisa alikuwa amezipanga mezani, tayari kuzirudisha kwa wenyewe.

"Naenda kwa dada yangu, mji wa Camagüey," alisema. "Ana mahali pa kuuza tairi. Atanipa kazi ya watu."

"Na Zoraida kesho atasoma nini?"

"Gazeti. Bibi Mela, umesikia visu. Ciro yuko sahihi. Nilidhani najua. Nimeishi na harufu ya tumbaku tangu kuzaliwa, nikadhani harufu inatosha."

"Ciro yuko sahihi mpaka atakapokufa," nikasema, "na hata hapo atabishana na padri. Fungua hilo boksi."

"Lina faida gani?"

Nikatia mkono kifuani nikatoa jani. Ndiyo, niliiba. Nilitoka nalo kiwandani limelala juu ya moyo wangu, bado lina unyevu. Nikalitandaza mezani, nikavuta uti, nikaweka nusu mbili mbele yake.

"Kaa," nikamwambia. "Si ndicho unachokijua? Kaa."

Nimefundisha wasichana wengi kusokota. Sijapata kuona mikono mibovu kama ile. Alipasua nusu ya kulia kwa pumzi tu. Nikamwonyesha kwa nusu ya kushoto iliyobaki, nikaifungua, nikamwachia, akaikunja ikawa kama soksi. Tulifungua na kukunja jani lile moja mpaka likachakaa kama noti ya zamani. Lakini ajabu ni maswali yake. Jani linapoanza kukauka, linabadilika sauti? Kidole kipi kinajua kwanza? Meza ikiwa ya chini, maumivu yanaanzia wapi?

"Umerukwa na akili," nikamwambia. "Mgongoni, yanaanzia wapi tena!"

"Upande gani wa mgongo?"

Nikafikiri. Miaka hamsini mgongo ule ni wangu, na hakuna aliyewahi kuniuliza ni upande gani. "Kushoto," nikasema.

"Kwa nini kushoto?"

Hapo nilikuwa tayari kumpa uongo mtamu, ulikuwa umeshanifika ulimini, kuhusu farasi na bwana harusi. Sijui nini kilinizuia. Alivyonitazama, labda. Nikamwambia kweli. Nilipoanza kazi mama yangu alikaa kushoto kwangu. Yeye ndiye aliyetoa uti, akanipitishia nusu ya kushoto kwanza, kila mara ya kushoto kwanza, nami nilinyoosha mkono bila kutazama nikaipokea. Mama alikufa mwezi wa Machi. Waliniletea majani kwa sanduku kama wengine. Na mwaka mzima, kila asubuhi, mkono wangu wa kushoto ulijinyoosha wenyewe kwenda kwenye kiti kile, mgongo ukajipinda kuufuata.

Hakusema pole. Alisema, "Karatasi sina."

"Nini?"

"Karatasi. Nyeupe. Moja tu. Nimezimaliza."

Ningeweza kumzaba kofi. Lakini nilikwenda nyumbani nikamletea zile karatasi nyembamba tunazotandika ndani ya masanduku ya sigara, nilikuwa ninazo chache, msiulize nilizipataje. Nikamwacha ameketi. Sikusikia mashine. Aliandika kwa mkono.

Siku ya tatu Zoraida alipanda jukwaani akiwa na karatasi ile, inapeperuka kama bawa la nondo.

"Nitausoma upya ukurasa wa jana," alisema.

"Kitabu hakisomwi mara mbili!" Ciro alidakia. "Tangu lini?"

"Ukurasa mmoja, mzee. Ukichoka, ziba masikio kwa tumbaku, unayo mbele yako."

Watu wakacheka, Ciro akanuna, na Zoraida akasoma.

Nusu ya kushoto ikaenda njia yake, nusu ya kulia njia yake. Nilisikia mtu nyuma yangu akiguna kwa kuridhika. Nikashusha pumzi, nikajua aibu angalau imefutika. Halafu Eloína akanyoosha mkono wa kushoto kwenye kiti cha mama yake, aliyekuwa akimpitishia majani na sasa ni marehemu.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua litakuja, mimi ndiye niliyelitoa kifuani kama lile jani. Nilikuwa hata nimejiandaa kujisifu wakati wa kahawa. Lakini Zoraida akaendelea, na msichana hakulia. Alikasirika. Alimkasirikia mama yake kwa kufa siku ya kazi, katikati ya sanduku, na kumwachia yeye nusu zote mbili. Aliurudisha mkono wake akaubana chini ya paja kama mtu anayemfungia mbwa aliyefanya vibaya.

Hasira ile sikumwambia mimi. Haki ya Mungu, sikumwambia. Sikumwambia mtu yeyote, hata padri, hata marehemu mume wangu. Miaka hamsini nilikuwa nimeikalia. Aliipata wapi mtu yule, ambaye hakuwahi kusokota, ambaye mama yake mzazi alikuwa hai na anamfulia mashati? Alikaa kitini, akachimba upande wake wa ukuta, akatokea upande wangu.

Nikageuka kuona kama kuna anayenitazama. Hakuna aliyenitazama. Kila mtu alikuwa anatazama kiti fulani. Mle ukumbini kila mmoja wetu ana kiti cha mtu aliyeondoka. Hakuna kisu kilichokata, hakuna jani lililosogea. Msimamizi alitoka ofisini kuona kwa nini kazi imesimama, akaegemea nguzo, na yeye akabaki hapo hapo.

Zoraida alifika chini ya ukurasa, akaunganisha na sura iliyofuata, ambamo mpiga tarumbeta mmoja anaanza kumzengea Eloína, akasoma mpaka kengele ikalia. Akafunga.

"Siku tatu zimetimia," alisema. "Amueni."

Wote tulimtazama Ciro. Alikuwa ameshika kisu, anakigeuza geuza.

"Nina swali," alisema.

"Uliza."

"Huyo mama yake Eloína. Alikaa meza ipi?"

Zoraida akafungua karatasi, akapekua. "Hapa hapajasemwa, mzee."

"Maana namkumbuka mwanamke kama huyo. Dirisha la tatu. Alikuwa na kikohozi."

"Dirisha la tatu wapi!" akaruka mwanamke mmoja wa nyuma. "Alikaa karibu na nguzo. Mama yangu alikuwa akimpa maji."

"Nguzo ipi, wewe ulikuwa hujazaliwa!"

"Nilikuwa tumboni, nilisikia!"

Mwanamke yule hajawahi kuishi. Alitengenezwa kwa masizi na mafuta ya taa, miaka tisa, nyuma ya tani za miwa, na sasa watu wazima themanini walikuwa wanagombana alikaa wapi. Mimi nimedanganya maisha yangu yote, nimewaaminisha watu mbuzi na sigara za mitaa miwili, lakini walinicheka huku wakiniamini. Hawakuwahi kumtafutia mtu wangu mahali pa kukaa.

"Kimya!" Ciro alipiga kelele. "Alikaa dirisha la tatu, basi!" Akapiga ubao kwa kisu kumaliza ubishi. Mara moja. Halafu akajiona alichofanya, akatazama kisu, akapiga tena. Na tena. Meza ya pili ikapokea, ya tatu, mpaka ukumbi mzima ukanguruma, vumbi la tumbaku likainuka mezani, na msimamizi akiwa hana kisu akagonga nguzo kwa bunda la funguo zake.

Nilikimbilia dirishani. Arístides alikuwa kwenye ngazi ya duka la dawa, amesimama, mweupe kama gimbi lililomenywa. Nikampungia aingie.

"Umepita! Njoo, mwanangu! Kitasomwa chote!"

Alivuka barabara hadi chini ya dirisha. Nilidhani atalia. Nilikuwa na kitambaa tayari.

"Bibi Mela," alisema, "ile sura ya kesho. Ya mpiga tarumbeta. Kuna sentensi mle inachechemea."

"Sasa hivi? Watu wanakugongea!"

"Nimeikumbuka Zoraida alipokuwa anasoma. Mdundo wake uko juu sana, hauwezi kuja baada ya ule ukurasa. Sura nzima itabidi niishushe. Una karatasi zozote zile nyembamba?"

Nilimtupia kitambaa changu kwa hasira. Akakidaka, akajifuta jasho, akageuka akaenda zake, midomo inacheza, anajaribu maneno. Ciro alikuwa ameshajipenyeza dirishani kando yangu, nusu mwili nje, kisu bado mkononi.

"Fundora!" alipaza sauti hadi njiwa wakaruka kwenye paa la kanisa. "We Fundora! Ukimwoza Eloína kwa yule mpiga tarumbeta, mimi na wewe hatujuani! Umenisikia? Yule mtu si mtu!"

Arístides hakumsikia. Alikuwa amesimama katikati ya barabara, mkono wa kushoto umenyooshwa kama wa Eloína kwenye kile kiti, anaupima. Dereva wa lori alimpigia honi, Arístides akampisha, akauinua tena mkono ule.